Ua lenyewe ni hicho cheupe

Mzee aliishika picha kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali na macho mpaka mkono ukanyooka. Alikuwa amesimama katikati ya miche yake, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, suruali imekunjwa, miguu imelowa maji ya kumwagilia. Nyuma yake daladala zilikuwa zinapishana. Mimi nilisubiri.

Nilikuwa nimemletea zawadi. Kwa miezi miwili alikuwa akiniruhusu kuingia kitaluni kwake kila Jumamosi asubuhi bila kunidai hata shilingi mia, na hapo ndipo nilipopata picha niliyoiona bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Bogenvilia ya zambarau, karibu sana. Ukingo wa petali moja umekaa kwenye fokasi kiasi cha kuhesabu mishipa yake, na vingine vyote vimeyeyuka kuwa rangi tupu. Nikaisafisha kwa ukubwa wa A4, nikaitia kwenye fremu.

"Nzuri," akasema. "Rangi imekolea."

Akanyamaza kidogo.

"Sasa mwanangu, ua lenyewe mbona umelifuta?"

Nikamwonesha kwa kidole. Hili hapa, mzee.

"Hilo ni jani." Akainama, akavuta tawi la mche uliokuwa karibu, akalifunua kwa kidole gumba. Katikati ya yale matatu ya zambarau kulikuwa na mirija midogo mitatu. Miwili ilikuwa imefumba. Mmoja ulikuwa umefunguka mdomoni ukawa nyota nyeupe, ndogo kuliko punje ya hindi. "Ua lenyewe ni hicho cheupe."

Kwenye picha yangu, hicho cheupe kilikuwa doa.

Mzee aliipokea fremu, akashukuru, akaenda kuitundika kwenye nguzo ya kibanda anamohifadhia samadi. Alifurahi kweli. Lakini mimi niliondoka pale na lile swali, na wiki sita baadaye bado ninalo.

Theluthi ya milimita

Wanaopiga picha za karibu wanaijua hesabu hii, ila acha niiseme, kwa sababu ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Chukua lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, sogea mpaka ua litue kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kwa ukubwa wake halisi, milimita kwa milimita, na tundu la lenzi liwe wazi hadi f/2.8. Kwa kamera ya sensa kubwa, sehemu inayoonekana vizuri ina unene wa kama theluthi ya milimita. Ukilibana tundu hadi f/8 unakaribia milimita moja. Kwenye f/16 unakaribia mbili. Ukizidi kubana, mwanga wenyewe unaanza kutawanyika unapopita kwenye tundu dogo, na picha nzima inapoteza makali, hata pale ulipolenga. Mimi picha ile niliipiga kwa f/2.8, kwa umbali wa nusu ya ukubwa halisi, kwa hiyo nilikuwa na unene wa milimita moja hivi. Ile nyota nyeupe ilikuwa sentimita moja nyuma ya ukingo niliolenga. Ni umbali wa mara kumi ya unene niliokuwa nao.

Nilikuwa naipenda sana f/2.8. Dar haina mandhari tulivu. Nyuma ya kila ua kuna nguzo ya umeme, bango la mganga, ukuta uliopigwa X nyekundu. Tundu likiwa wazi, vyote hivyo vinaondoka. Daladala linakuwa mstari wa rangi. Taa ya bodaboda inakuwa duara la dhahabu. Wajapani wana neno kwa ukungu wa aina hii, boke, na wapiga picha wa dunia nzima wamelichukua na kulibishania: laini, kali, la duara, la pembe. Nami nilikuwa mmoja wa wabishi hao. Ningeweza kukueleza kwa nini maduara ya pembezoni mwa picha hubanwa yakafanana na jicho la paka. Nilikuwa naujua ukungu vizuri kuliko nilivyolijua ua.

Niliamini ukungu ule ni heshima. Nilijiona ninaliondolea ua kelele za jiji ili lionekane lenyewe tu.

Lakini ukiwa na milimita moja, kila picha inatamka: hiki ndicho, vingine acha. Na mimi nilitamka hivyo juu ya jani.

Mkono haukukosea. Fokasi ilikaa palepale nilipotaka ikae.

Miaka minne

Usiku ule nilifungua kompyuta na kupitia picha za miaka minne. Sikuwa natafuta picha mbaya. Nilikuwa natafuta mahali nilipolenga.

Alizeti, shambani kwa rafiki yangu Singida: nimelenga ncha za yale ya njano yanayozunguka ukingoni. Katikati, kwenye duara la kahawia, ni ukungu. Na ua la alizeti, kama nilivyokuja kusoma baadaye, ni mkusanyiko wa maua madogo mamia, na yanayozaa mbegu ni yale ya katikati, moja moja, kila moja punje yake. Mafuta tunayokaangia samaki yanatoka kwenye sehemu niliyoitia ukungu. Yale ya njano ya ukingoni hayazai kitu. Kazi yake ni kuita nyuki.

Ponsetia ya Krismasi: majani mekundu yametokeza kwa makali ya ajabu, na vile vidude vya kijani na njano vya katikati, ambavyo ndivyo maua, havionekani.

Haibiskasi peke yake nilikuwa nimeitendea haki, na hata hiyo kwa bahati. Kile kishina chake cha chavua huchomoza mbele kuelekea kwenye lenzi, chenye vidoto vitano vyekundu kileleni, kwa hiyo fokasi huangukia hapo yenyewe. Haibiskasi nyingi hufunguka siku moja tu, kesho yake zimekunjamana. Nilikuwa nimewahi siku yenyewe na mahali penyewe bila kujua lolote kati ya hayo mawili.

Hapo nikamkumbuka mpwa wangu. Yeye hupiga maua kwa simu, kwa ile namna inayotia ukungu nyuma ya mtu. Kuanzia 2016, iPhone 7 Plus ilipokuja na uwezo huo, simu nyingi zimeufuata: programu inakadiria kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, kisha inapaka ukungu kwenye kile ilichokiona cha nyuma. Kwenye haibiskasi mara nyingi inakata zile nyuzi nyembamba za chavua, inazila kabisa. Kila mara nilikuwa namwambia, anko, simu haijui ua, inaona umbo kubwa inalishika, vidogo inavitupa.

Niliyasema hayo kwa uhakika. Na nilipokuwa nayasema nilikuwa na kamera begani iliyofanya jambo hilohilo, kwa mkono wangu.

Asumini ya bibi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Tanga, na jioni alikuwa akitunga asumini. Nilikuwa mdogo, kazi yangu kushika uzi. Alichuma yale yaliyofumba, meupe yenye ncha ya waridi, kabla jua halijazama, kwa sababu asumini hufunguka usiku. Ukichuma lililokwisha kufunguka, harufu yake utaipata nusu. Alilijua la kesho na la leo kwa kulibonyeza kidogo kwa vidole viwili. Mengine yaliingia kwenye kikuba pamoja na mrehani. Mengine yalikwenda kitandani.

Nimekuwa nikijiuliza kama niliwahi kumwona akilitazama ua. Nadhani hapana. Alilinusa, alilibonyeza, alijua saa yake. Nikimletea leo picha ya asumini yenye ukungu laini nyuma, angeuliza imechumwa saa ngapi.

Na ningekuwa sina jibu.

Huku pwani maarifa ya maua yalikaa puani na vidoleni. Kamera haina mlango wa kuingizia hayo. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Ninasema kwa sababu mtu anayeondoa harufu, mguso na saa, akabakiwa na milimita moja tu ya kuonesha, hana nafasi ya kuipoteza hiyo milimita.

Jina la nahodha

Nilisoma juu ya bogenvilia kwa juma zima. Asili yake Amerika ya Kusini. Mwaka 1767, meli za Ufaransa zilizokuwa zikiizunguka dunia zilitia nanga Rio de Janeiro, na mtaalamu wa mimea wa safari hiyo, Philibert Commerson, akaukusanya mmea huu na kuupa jina la kiongozi wa msafara, Louis-Antoine de Bougainville. Msaidizi wa Commerson, aliyebeba vyombo na mimea yake, alikuwa Jeanne Baret. Wanawake walikatazwa kwenye meli za jeshi la Ufaransa, kwa hiyo alisafiri amevaa kiume. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia.

Mmea uliopewa jina lake kwa heshima ulikuja mwaka 2012. Ni wa jamii ya mnavu na nyanya chungu.

Nilikaa na habari hiyo muda mrefu. Hata kwenye jina la ua, jicho la dunia lilituama kwenye rangi kubwa.

Umande

Nilianza upya mwezi wa Agosti. Kusi ilikuwa inavuma, na kusi haina huruma na mtu wa makro. Tawi likisogea milimita mbili tu, umelikosa. Kwa macho huoni kabisa kama limesogea. Unaona tu kwenye kompyuta, jioni, picha 80 na zote zimepita pembeni ya kile ulichotaka.

Kiswahili kina neno umande, nalo lina maana mbili. Ni yale matone ya alfajiri, na ni upepo mwanana unaotoka bara asubuhi kuelekea baharini. Mpiga picha wa maua anaitaka maana ya kwanza na anapewa na ya pili. Lakini huo wa pili ni mpole, na kabla kusi haijashika nguvu kuna dirisha la kama saa nzima, kuanzia saa moja asubuhi, ambapo tawi linatulia, linapumua, linatulia tena. Nilijifunza kusubiri pumzi ya tatu. Tawi likirudi mahali pake, na mimi nimeshatoa hewa yote kifuani, napiga mfululizo huku nikisogeza mwili mbele kidogo, kidogo sana, kama mtu anayetaka kusikia siri.

Vifaa vyangu ni hivi: kibanio cha nguo nilichokifunga kwenye kijiti cha mshikaki, nakichomeka kwenye udongo wa kopo kishike tawi chini kidogo ya ua. Kipande cha chandarua cheupe cha kulainisha jua likianza kuwa kali. Lenzi nailaza kwenye dumu la plastiki lenye vipakiti vya silika, maana unyevu wa Dar hupandisha ukungu wa kuvu ndani ya kioo, na huo hautoki kwa kupanguswa.

Mzee alikuwa anapita na ndoo zake. Hakuuliza kitu. Mara moja alisimama, akanihamisha kwa kunishika bega kutoka kwenye mche niliouchagua. "Huo umechoka," akasema. "Njoo huku."

Kuchoka kwa mche sikuwa nimewahi kukuona. Nikauliza unajuaje, mzee. Akaniambia zambarau inabaki hata ua likishakufa, ndiyo maana wateja wanadanganyika. Unatazama cheupe. Kikishakauka, hiyo rangi ni nguo iliyobaki kwenye kamba.

Kila kitu wazi

Kuna njia ya kuikwepa milimita: unapiga picha nyingi, kila moja fokasi imesogea hatua moja, kisha programu inaziunganisha kuwa picha moja iliyo wazi yote. Kwa upepo wa kitaluni haiwezekani. Mzee akanipa tawi, nikalipeleka nyumbani Sinza, nikazima feni, nikafunga madirisha, nikalitia kwenye chupa ya soda. Picha 22 kwa f/5.6.

Ilitoka vizuri kupita nilivyotarajia. Nyota nyeupe na mikunjo ya kingo zake, mirija na vinyweleo vyake, mishipa ya majani yote matatu, hata vumbi. Hakuna kilichofutwa. Nilifikiri nimepata jibu la mzee.

Nikaiangalia siku tatu. Kila nikiitazama, jicho linazunguka na kurudi lilikotoka. Ingefaa ukurasa wa kitabu cha biolojia, na ukurasa huo ungekuwa mzuri, nasema hivyo kwa heshima. Lakini asubuhi ile mzee alipolifunua tawi kwa kidole gumba hakunionesha kila kitu. Alifunua, akashikilia, akasema *hicho*. Kwa sekunde ile mimi pia sikuona majani ya zambarau, ingawa yalikuwa yamejaa mkononi mwake.

Kwa hiyo ukungu haukuwa adui. Hapo ndipo nilipobadilika, kama kuna mahali nilipobadilika.

Wanabotania wanayaita majani yale brakti. Kazi yake ni kuita. Nyota nyeupe ni ndogo mno kuonekana na mdudu anayepita, kwa hiyo majani jirani yamevaa rangi na kuita kwa niaba yake. Na anayeita anaweza kuita hata akiwa ukungu. Rangi haihitaji fokasi. Nilikuwa nimevipanga kinyume: aliyeitiwa nikamficha, mwitaji nikamwekea taa.

Nikarudi kitaluni, tundu likiwa kwenye f/5.6 na mara nyingine f/4. Sehemu iliyo kwenye fokasi ni kama kipande cha kioo chembamba kilichosimama sambamba na sensa. Huwezi kukiongeza unene kwa kutaka, lakini unaweza kukiinamisha kwa kuinamisha kamera. Nikawa natafuta pembe ambayo kioo hicho kingepita kwenye mdomo wa nyota iliyofunguka na kwenye ncha ya kaka yake aliyefumba. Alama mbili tu. Magoti yangu yaliumia kabla sijaipata. Ilikuwa Jumamosi ya tatu ya Agosti, saa moja na dakika arobaini, kabla mche haujaguswa na jua.

Sijui kama ni picha nzuri kuliko ile ya kwanza. Rafiki zangu wawili wanaopiga picha wanasema ya kwanza ina mvuto zaidi, na nawaelewa. Rangi imefunika zaidi, mistari ni safi. Hii ya pili ina zambarau iliyotulia nyuma kama moshi wa ubani, na mbele kitu kidogo cheupe ambacho usipokijua unaweza kudhani ni vumbi kwenye lenzi. Mara tatu nimekaribia kuifuta. Mara tatu nimeiacha.

Kitaluni tena

Safari hii sikusafisha picha. Nilimwonesha kwenye kioo cha kamera, amechuchumaa, nimemkingia jua kwa kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete tuone."

Alitazama. Akanirudishia kamera, akaichukua tena, akatazama.

"Hiki kimefunguka," akasema, kidole kikigusa kioo. "Na hiki kimefumba. Bado siku mbili." Akaendelea kutazama. "Na cha tatu kiko wapi?"

Kiko nyuma, mzee. Kwenye ukungu. Sikuweza kuvipata vyote.

Akatikisa kichwa, kwa namna ya mtu anayekubaliana na jambo la hali ya hewa. "Njoo Jumatatu asubuhi. Vitakuwa vimefunguka viwili, labda vyote."

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikafika saa moja kasoro. Kulikuwa na umande, wa aina zote mbili. Nilikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya kitalu ulipokuwa mche wangu na nikakuta duara la udongo mkavu, ukubwa wa kopo.

"Umenunuliwa jana jioni," mzee akasema nyuma yangu. "Mama mmoja wa Mbezi. Alichukua mitano."

Aliona uso wangu, nadhani. Aliweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye suruali, akapita kati ya makopo polepole, akifunua matawi kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, akiyaachia. Kwenye mche wa rangi ya chungwa akasimama.

"Hapa," akasema. "Vitatu."

Nikapiga magoti.

Nikatoa kibanio cha nguo.